Karakana ya uani: moto kwanza, nyundo baadaye

Haya ni maneno niliyoyasema Uyole, Mbeya, mbele ya vijana waliomaliza mafunzo ya kuchomelea, pamoja na wazazi wao na majirani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Ndugu zangu wa Rungwe na Kyela, mugonile. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa niwaeleze jinsi kijana anavyoweza kuanza uhunzi nyumbani kwao, uani, kwa vitu vinavyopatikana. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana kila wiki mtu ananijia na swali hilo hilo. Wa kwanza anauliza, "Fundi, fuawe naipata wapi?", yaani lile pande la chuma la kufulia juu yake. Wa pili anataka kujua nyundo iwe kilo ngapi. Wa tatu ameshanunua grinda kabla hajajua atafua nini. Katika miaka yote hii hajanijia hata mmoja kuniuliza, "Fundi, moto unawashwaje?" Kila nyumba ina jiko, kwa hiyo kila mtu anaamini moto anaujua. Nami niliamini hivyo. Leo nataka tuuzungumze moto huo kwa kirefu, na hayo mengine tutayapitia tukiwa njiani.

Kwanza nitoe heshima kwa waliotutangulia, kwa sababu kijana wa Mbeya anapoanza kufua chuma haanzi jambo geni. Wapangwa wa Ludewa waliyeyusha mawe ya chuma karne nyingi kabla ya sisi kusikia habari za mradi wa kuchimba chuma wa Liganga. Wakinga walishuka kutoka milima ya Livingstone na majembe waliyofua, wakayabadilisha kwa chakula huko bondeni kwa Wanyakyusa. Ukivuka kwenda Ufipa, upande wa Sumbawanga, mpaka leo yapo mabaki ya malungu. Hayo ni matanuri ya udongo yanayofikia kama mita 3 kwenda juu, na yalivuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila mtu kuvukuta, yaani kupuliza hewa kwa kifaa cha mkono. Kilichotoka humo kilihamishiwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na huko ndiko mvukuto ulikofanya kazi ya kukisafisha. Na pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walipokiangusha kikosi cha Wajerumani cha Zelewski, kila mkuki uliokuwa mkononi mwa Mhehe ulikuwa umepita kwanza mbele ya mhunzi.

Watu hao hawakuwa na umeme, wala duka la vifaa, wala kipimo cha joto. Walichokuwa nacho ni elimu ya moto, na elimu hiyo ndiyo iliyotupotea. Jembe la dukani lilipofika, mhunzi aliweka nyundo chini, na mtoto wake hakuona sababu ya kuiokota. Watu wazima mliopo hapa mnakumbuka kwamba hata jiji letu lilikuwa na kiwanda chake cha majembe, Zana za Kilimo, ZZK. Mimi nataka elimu hiyo irudi, na ninaamini inaweza kurudi kupitia uani kwenu.

Haya, tuingie kazini. Karakana yako uiweke wapi? Iwe nje. Paa la bati liwe juu sana, pande zote nne wazi, mbali na ukuta wa nyumba, mbali na banda la majani na matandazo ya migomba. Kwa nini paa, wakati moto haunyeshewi kila siku? Kwa sababu ya macho yako. Chini ya jua la mchana chuma chenye joto kali kinaonekana kama kimepoa, na rangi huioni. Mhunzi asiyeona rangi anafua kwa kubahatisha. Kivuli ni kifaa cha kazi sawa na nyundo.

Na hapa niseme kwa msisitizo, mama zangu mnisaidie kulisimamia hili. Huku kwetu Juni na Julai kunaganda. Usiku wa baridi mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Hewa ile ya mkaa haina rangi, haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Sasa jiko la mhunzi linakula mkaa mwingi kuliko majiko kadhaa ya kupikia yakiwekwa pamoja. Kwa hiyo, hata mvua inyeshe, hata baridi ing'ate, hakuna kufua chuma ndani ya chumba. Siku ya mvua kubwa pumzika, unoe tindo zako.

Zungumza pia na majirani na mwenyekiti wa mtaa kabla hujapiga nyundo ya kwanza. Waambie siku gani utafanya kazi na saa ngapi utanyamaza. Mimi sifui siku za ibada wala kukiwa na msiba mtaani. Nimeona vijana wenye vipaji wakifungiwa kazi kwa sababu ya kelele tu, na kelele hizo zingeweza kuzungumzwa mapema kwa kikombe cha chai.

Jiko lenyewe sasa. Tafuta mbao za kutengeneza sanduku la sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 30 hivi, na ulisimamishe juu ya miguu au matofali ili lifike kiunoni. Lijaze udongo. Mimi natumia udongo wa kichuguu uliotwangwa, nikauchanganya na mchanga na majivu yaliyochekechwa, nikaulowesha maji kiasi cha kushikana tu ngumini. Ukikamua tone likatoka, umezidisha. Shindilia kama unavyoshindilia sakafu ya nyumba ya udongo, ukiacha katikati bonde la upana wa kiganja na kina cha kiganja. Kila upande wa bonde simamisha tofali la kuchoma, uyaachie nafasi ya sentimita 12 hivi katikati. Ubavuni penyeza bomba la chuma la inchi moja na nusu, mdomo wake ukiishia kwenye bonde, juu kidogo ya sakafu yake.

Hilo ndilo jiko. Halina kitu kingine. Liache likauke kivulini siku kadhaa, kisha uwashe moto mdogo wa vijiti, kesho yake mkubwa kidogo. Ukilikimbiza na moto mkali likiwa bichi, litapasuka na kurusha vipande. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie mawe ya mtoni wala zege. Maji yaliyojificha ndani yake yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na njia yenyewe inaweza kupita usoni kwako.

Bomba liwe jeusi, lisiwe lile la maji linalong'aa. Kile kinachong'aa ni zinki, na zinki inachemka ikifika nyuzi 907, moto ambao jiko letu linaupita bila shida. Moshi wake mweupe ukiuvuta, jioni unapata homa, kutetemeka na kifua kubana, na ukiuvuta mwingi hali inakuwa mbaya zaidi ya homa. Kwa hiyo mabati, mabomba ya maji, boliti zinazong'aa, vyote vikae mbali na moto wako. Kadhalika shokapu za gari na bomba lolote lililozibwa pande zote mbili. Ndani kuna mafuta au hewa iliyofungiwa. Hilo ni bomu, usilitie motoni.

Mkaa. Sisi wa nyanda hizi tuna bahati, kwa sababu kule Njombe mkaa wa miwati upo mwingi. Ni mzito, unawaka safi na haurushi cheche nyingi. Mkaa wa msindano ni mwepesi na unaisha haraka, ila unafaa kujifunzia. Makaa ya mawe ya Kiwira au Ngaka yana nguvu kubwa, lakini moshi wake utakugombanisha na mtaa mzima, na yana takataka zinazogandamana chini ya moto. Mwanafunzi aanze na mkaa wa miti. Uuvunje vipande vya ukubwa wa ndimu, kisha upepete vumbi lote nje. Kipande kikubwa kinaacha mianya na hewa inapita bila kufanya kazi. Vumbi nalo linaziba.

Sasa hewa. Hapa naomba mnisikilize polepole.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mhunzi huko Ludewa. Alikuwa na mvukuto wa ngozi ya mbuzi, viriba viwili, unakandamiza mkono huu ukiinua ule. Nilipokwenda kwake nikiwa kijana wa umri wenu, nilitegemea kupewa nyundo siku hiyo hiyo. Kwa wiki tatu sikugusa chuma. Kazi yangu ilikuwa kuvukuta. Asubuhi navukuta, mchana navukuta, na yeye anafua kimya. Nikichoka nikaanza kukandamiza kwa nguvu ili kazi iishe, alikuwa anasema neno moja tu: "Usivukute kwa hasira." Niliona ananikomoa.

Alikuwa ananifundisha. Hewa nyingi haifanyi moto kuwa mzuri. Ukipuliza sana, hewa inaupita mkaa kabla haijaunguzwa yote, inakikuta chuma, na chuma kinaanza kuunguzwa chenyewe. Kinatoa magamba mazito meusi, kinakonda, na mkaa wako unaisha nusu gunia kwa kulabu moja. Ukipuliza kidogo na kwa utulivu, mkaa ulio chini unaila hewa yote, na kile kinachofika kwenye chuma ni joto tupu. Kwa hiyo juu ya mdomo wa bomba pawe na mkaa wa kina cha kama shubiri moja, na chuma chako kilale katikati ya kina hicho, kama sentimita 10 juu ya mdomo. Kikishuka karibu na mdomo kinapigwa na hewa baridi. Kikipanda juu kabisa kinalala kwenye mwali, nao mwali hauna joto la kutosha.

Fumba macho, sikiliza. Moto mzuri unanguruma chini chini, kama sufuria ya uji iliyokaribia kuchemka. Ukisikia unavuma kama upepo wa Uyole wa Agosti, punguza.

Mvukuto wa kisasa wa uani tunautengeneza na rimu ya baiskeli: mkono wa kuzungushia, mkanda uliokatwa kwenye tyubu, na kipangaboi kidogo cha bati ndani ya kopo kinachosukuma hewa bombani. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuuzungusha. Feni ya umeme inafaa, lakini uwekee kifuniko cha kupunguza hewa, na mimi sipendi mwanafunzi aanze nayo. Feni haichoki, kwa hiyo haikufundishi. Ukiacha kuzungusha rimu, moto unalala mara moja na mkaa wako unapona. Feni itaendelea kuunguza huku wewe unatafuta koleo.

Chuma nacho kinasema kwa rangi. Kikianza kuonekana chekundu gizani bado hakijawa tayari, hapo kipo kwenye nyuzi 500 hivi. Kikiwa chekundu kama nyanya iliyoiva, kiko karibu 800. Rangi ya chungwa, karibu 950, hapo nyundo inaanza kufurahia kazi. Njano ya kiini cha yai la kienyeji, 1,100 hivi, hapo kinakwenda kama udongo wa mfinyanzi. Kikianza kuwa cheupe na kurusha vicheche vidogo kama fataki, ondoa haraka. Chuma hicho kinaungua, na sehemu iliyoungua haiponi. Unaikata, unaitupa. Na ukiendelea kupiga chuma kilichorudi kwenye wekundu uliofifia, kinapasuka ndani bila wewe kuona. Piga mapigo manane, kumi, rudisha motoni.

Lakini rangi ya kuogopa kuliko zote ni nyeusi. Chuma cha nyuzi 400 ni cheusi tii, kimelala juu ya meza kama kila chuma kingine, na kinachuna ngozi ya kiganja. Kabla hujaokota chochote kwenye karakana, sogeza mgongo wa mkono karibu kwanza. Wafundisheni na wadogo zenu wanaopenda kuja kutazama.

Sasa swali la fuawe. Vijana, nawaomba kama baba yenu. Mtu atakuja na kipande cha reli, atakwambia kimeokotwa. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na treni yake inabeba watu. Kipande cha reli usichojua kimetoka wapi kinaweza kuwa kimeng'olewa mahali ambapo treni inapita. Usikinunue. Ni kosa la jinai, na kabla ya kuwa jinai ni roho za watu.

Huhitaji reli. Barabara hii ya Tunduma inapitisha malori kila siku, na kwenye vyuma chakavu utapata kipande cha ekseli, habu nzito, gia kubwa, au kipande kinene cha chuma kisicho na jina. Mdai muuzaji risiti. Unachotaka ni uzito, kilo 25 na kuendelea, ukiwa umekusanyika chini ya mahali unapopiga. Fuawe ya kwanza ya babu yangu ilikuwa jiwe. Nenda dukani kwa fundi baiskeli umwombe gololi moja ya beringi. Iangushe juu ya chuma unachotaka kununua. Ikiruka juu karibu na mkono wako, chuma ni kigumu, nunua. Ikidunda kivivu ikatulia, chuma ni laini, kitabonyea. Bado unaweza kuanzia nacho.

Kichimbie gogo la mti mgumu, futi mbili ndani ya ardhi, ukifunge kisicheze. Urefu upime hivi: simama wima, kunja ngumi, mkono uning'inie. Uso wa fuawe uguse vifundo vya vidole. Ikiwa juu zaidi, bega litakufa. Ikiwa chini, kiuno.

Nyundo ya kilo moja inatosha, usichukue ya kuvunjia kokoto. Kingo za uso wake uzisage ziwe mviringo, la sivyo kila pigo litaacha kovu. Koleo utalifua mwenyewe baadaye, mwanzoni tumia nondo ndefu ya sentimita 60 ambayo upande wa pili unashikika. Tupa moja, tindo moja, ndoo ya maji, ndoo ya mchanga. Nguo ziwe za pamba, jinzi ya mitumba na shati zito. Nailoni inayeyukia kwenye ngozi. Kiatu cha ngozi, suruali ishuke nje ya kiatu ili cheche isiingie. Miwani ya kazi kila siku. Dada zangu, na wako wanne hapa mbele, ninafurahi sana kuwaona, nywele zifungwe na kanga ibaki ndani. Mkono unaoshika nyundo usivae glovu, nyundo itakuponyoka.

Kazi ya kwanza ni kulabu. Nondo ya milimita 10. Pasha ncha ya sentimita 5, ilaze kwenye ukingo wa mbali wa fuawe, piga huku ukiigeuza robo, piga, geuza, piga, geuza. Kila mwanafunzi anataka kuipata ncha ya mviringo moja kwa moja, na kila mwanafunzi inampasukia katikati. Fanya mraba kwanza mpaka ichongoke, kisha vunja kona iwe pembe nane, ndipo uizungushe. Halafu kunja. Tengeneza kulabu ishirini. Ya ishirini itakapofanana na ya kumi na tisa, uko tayari kugusa springi.

Springi ya lori ni chuma cha aina nyingine. Nondo hata uizamishe wapi haitashika makali ya maana. Springi inashika, kwa sababu ina kaboni ya kutosha. Na hapa ndipo niwaeleze habari ya panga moja.

Mwaka wangu wa pili wa kufanya kazi peke yangu, mama mmoja jirani alinipa oda ya panga. Alikuwa mjane, analima mahindi na viazi, na alinilipa kabla. Nilipata jani la springi ya Fuso, nikalifua siku mbili. Lilikuwa zuri, niliona fahari. Ilipofika kulipoza ghafla ili liwe gumu nilikuwa na haraka, jua linazama, ni Julai. Nikalipasha mpaka likawa la chungwa kabisa, kupita kiasi, nikalitumbukiza kwenye pipa la maji ya kisima yaliyolala nje usiku kucha. Nikasikia mlio mdogo: "ti." Kama ukucha unaogonga glasi. Nikalitoa, nikaligeuza huku na huku, sikuona kitu. Nikalinoa. Lilinoleka kama wembe. Nikampelekea jioni ile ile.

Baada ya siku nne alikuja amefunga kitu kwenye kanga. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akakaa kwenye gogo, akafungua kanga. Vipande viwili. Akasema, "Mwanangu, panga lako limenikatikia. Kipande kimempita mjukuu wangu hapa." Akaonyesha sikio. Hakupandisha sauti. Nilitazama pale lilipovunjika, na ndani ya mvunjiko kulikuwa na mstari mweusi, upana wa ukucha. Mstari ule ulikuwepo tangu pipani. Ule mlio ulikuwa ndio wenyewe, nami niliusikia.

Nilimrudishia fedha zake. Kisha nilipanda basi hadi Makambako, nikaunganisha kwenda Ludewa, nikamwekea babu vipande viwili miguuni. Aliviinua, akanusa kama mtu anavyonusa tumbaku, akauliza, "Uliuona moto wako?" Nikasema niliuona. Akasema, "Uliliona jua."

Hivi ndivyo inavyopaswa kufanywa. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye waya. Pasha panga polepole, bila kuvukuta kwa nguvu, likipita mbele na nyuma ili joto lienee sawa. Kila mara gusisha sumaku. Chuma kikifika nyuzi 770 sumaku haishiki tena. Hapo ongeza joto kidogo tu, pumzi chache za mvukuto, basi. Lile langu lilikuwa limepita hapo mbali sana, na chuma kikipita mbali hivyo chembe zake zinavimba na mshikamano unapungua. Kisha lizamishe kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa kiasi, vuguvugu la kuogea, ndani ya chombo cha bati chenye mfuniko wa bati. Maji baridi yanapoza ghafla mno, ngozi ya chuma inajikunja kabla moyo wake haujapoa, na ndipo linapasuka. Mafuta yatawaka juu kidogo, usishtuke, funika. Oili chafu ya injini usitumie, moshi wake una sumu.

Bado hujamaliza. Panga likitoka kwenye mafuta ni gumu lakini limekauka kama kigae, likianguka sakafuni linaweza kuvunjika. Mimi hatua hii niliiruka kabisa. Ling'arishe kwa msasa mpaka uone chuma cheupe, kisha liweke mgongo chini juu ya kipande kinene cha chuma kilichopashwa, utazame. Rangi zitatembea kama mafuta juu ya maji. Kwanza njano ya bua kavu la mahindi, karibu nyuzi 220, hapo kisu kidogo kinatosha, kwa mfano kisu cha mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, kinachotaka makali membamba. Itafuata kahawia, kisha zambarau, kisha bluu, karibu 300. Panga na nyengo, zile zenye ncha iliyopinda, zinazopigwa kwenye kisiki zifike kwenye bluu mgongoni, na zambarau kwenye makali. Ikifika, ondoa. Rangi hizo zinatembea haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo siku hiyo usiwe na simu mkononi.

Baada ya hapo lijaribu wewe mwenyewe kabla ya mteja. Lipige kwenye gogo mara hamsini. Likunje kidogo kwa goti uone kama linarudi. Na ukisikia "ti" kwenye pipa, hata kama huoni kitu, hata kama mteja amekaa anasubiri, likate vipande ufulie vitu vingine. Yule mama nilimfulia jingine baada ya miezi mitatu. Hakuliomba. Analo mpaka leo, limenolewa mpaka limekuwa jembamba.

Soko lipo, sitalisemea sana. Maseremala wa Mafinga wanahitaji patasi, wakulima wanahitaji nyengo, mafundi ujenzi wanavunja tindo kila wiki na wanazileta kuchongwa upya. Ninyi mliojifunza kuchomelea mna mwanzo mzuri kuliko niliokuwa nao mimi. Ila msikimbilie kuchomelea kila kitu. Sehemu nyingine zinataka kufuliwa.

Nimewawashia moto nyuma ya ukumbi huu. Mkaa ni wa miwati, mvukuto ni wa rimu, nondo ziko kwenye ndoo. Mzee mwenyekiti amenipa saa moja na nusu kabla giza halijaingia, na kwa kazi hii magharibi ndiyo saa nzuri, rangi zinaonekana. Nyundo nimeziacha kwenye gari na funguo ninazo mimi. Binti uliyekaa pale mwanzo wa safu, wewe utashika mvukuto kwanza. Wengine simameni upande ambao upepo unatokea, msikilize.